Giaboksi ya Mkweche Wangu na Saini Niliyoiweka

Gari lilianza kunigomea tukiwa tunaupanda Mlima Kitonga, kwenye barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Iringa. Nilikanyaga mafuta, injini ikanguruma kwa sauti kubwa, lakini mwendo haukuongezeka. Mshale wa mizunguko ya injini ulipanda, mshale wa mwendo ukabaki palepale. Nyuma yangu lilikuwapo lori la mizigo, na nyuma ya lori msururu ambao mwisho wake sikuuona. Tulifika juu kwa mwendo wa mtu anayekimbia. Kwenye dashibodi, taa ndogo ya O/D OFF ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima.

Gari lenyewe ni Toyota Carina la mwaka 1998, lenye giaboksi ya automatiki ya gia nne. Nililinunua mwaka 2009 likiwa limekwisha kutumika Japani, na tangu hapo limenihudumia kwa uaminifu kuliko mimi nilivyolihudumia. Wanafunzi wangu huliita mkweche, na sina hoja ya kuwapinga. Niliporejea Dar es Salaam nililipeleka kwenye gereji moja yenye sakafu ya vigae. Kijana aliyenipokea aliliendesha mzunguko mmoja tu uani, akashuka, akasema: “Dokta, giaboksi imekufa. Tunafunga nyingine.” Giaboksi ya mtumba ingenigharimu shilingi milioni moja na laki mbili, kazi ya kufunga mbali. Nilimwuliza imekufa kwa ugonjwa gani. Akanijibu kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo.

Jibu hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Si kwa sababu lilikuwa la kwanza kulisikia, bali kwa sababu nilikwisha kulisikia ndani ya chumba cha mikutano, na siku ile nililitia saini.

Nitarudi kwenye saini hiyo. Kwanza nimalize habari ya gari.

Jirani yangu alinielekeza kwa mzee mmoja ambaye gereji yake ni kivuli cha mkungu, benchi moja na kabati la chuma. Mzee huyo hakulifungua gari wala hakuliendesha. Aliniuliza swali moja: “Mwalimu, mara ya mwisho umepima lini oili ya giaboksi?” Nilinyamaza. Oili ya injini nilikuwa naipima kila mwezi, na kila kilomita elfu tano nilikuwa naimwaga. Ya giaboksi sikuwa nimewahi kuigusa kwa miaka yote niliyokuwa na gari lile. Sikujua hata kwamba ina kijiti chake cha kupimia.

Mzee alinifundisha, nami nawaeleza kama nilivyofundishwa. Gari likae mahali tambarare, injini iwe imepata moto, na tofauti na oili ya injini, hii hupimwa injini ikiwa inanguruma. Ukiwa umekanyaga breki, unaupitisha mkono wa gia katika nafasi zote, taratibu, kisha unaurudisha kwenye P. Ndipo unachomoa kijiti, unakifuta, unakirudisha na kukichomoa tena. Oili nzima ina wekundu unaong’aa. Ya kwangu ilikuwa ya kahawia iliyokolea, inanuka kama kitu kilichoungua, na haikufika hata kwenye alama ya chini.

Hapo pana jambo ambalo wengi wetu wenye magari ya automatiki hatulijui. Katika gari la gia za mkono, oili ya giaboksi kazi yake kubwa ni kulainisha meno ya gia yasilane. Katika automatiki, oili ndiyo inayofanya kazi yenyewe. Pampu inayozungushwa na injini huisukuma kwa nguvu. Oili hiyo hupitisha nguvu ya injini ndani ya chombo cha mviringo ambacho mafundi hukiita konveta. Oili hiyohiyo, ikielekezwa na valvu, hubana klachi moja na kuachia nyingine ili gia ibadilike bila dereva kugusa kitu. Kisha oili hiyo huchukua joto lote la msuguano na kulipeleka kwenye rejeta likapoe. Ikipungua, msukumo hushuka. Msukumo ukishuka, klachi hazibanwi sawasawa, zinateleza. Zikiteleza huzalisha joto, joto huunguza oili, na oili iliyoungua hushindwa zaidi kuzibana klachi. Ubovu unajizalia ubovu mwenzake. Kitonga, kwa mteremko wake mkali, ilifichua tu kilichokuwa kikiendelea siku nyingi kwenye foleni za Dar es Salaam.

Mzee alifungua sampu ya chini. Ndani mna sumaku ndogo zilizowekwa na waundaji ili zikusanye chembe za chuma. Alipitisha kidole juu ya sumaku moja akanionyesha: tope laini la kijivu, kama majivu yaliyolowa. “Hili ni uchakavu wa kawaida, Mwalimu. Tungekuta vipande vya chuma, ningekwambia kanunue nyingine.” Filta ilikuwa imejaa uchafu. Sili ya shafti ya upande wa kulia ilikuwa inavuja polepole, na hapo ndipo oili ilipokuwa ikipotelea. Waya unaotoka kwenye mafuta kwenda giaboksi, ambao huiambia giaboksi dereva amekanyaga kiasi gani, ulikuwa umelegea, kwa hiyo gia zilikuwa zinabadilika wakati usio wake. Na solenoidi moja, ile kifaa cha umeme kinachofungua na kufunga njia ya oili, ilikuwa haifanyi kazi; ndiyo iliyokuwa inaiwasha ile taa.

Kazi ilichukua siku mbili. Sili, filta, gasketi, solenoidi ya mtumba aliyoipima kwanza kwa betri mbele yangu, na oili ya aina iliyotajwa na waundaji wa gari, si yoyote ile iliyo nyekundu. Kwa kuwa oili nyingi hubaki ndani ya konveta hata baada ya kumwaga, aliniagiza nirudi baada ya wiki mbili tumwage na kujaza tena, kisha mara ya tatu. Gharama yote, pamoja na ufundi, haikufika laki nne. Mwaka wa pili sasa giaboksi ile “iliyokufa” inabadilisha gia kwa upole.

Sasa nije kwenye saini.

Miaka michache iliyopita niliteuliwa kwenye kamati ya kuhakiki mali chakavu katika taasisi moja ya umma. Tulipewa orodha. Katika orodha ile lilikuwamo basi dogo lililokuwa likiwapeleka wanafunzi kwenye mafunzo kwa vitendo vijijini. Lilikuwa juu ya mawe kwa zaidi ya mwaka. Kwenye safu ya sababu paliandikwa maneno mawili: giaboksi mbovu. Mjumbe mmoja aliuliza kama iliwahi kutengenezwa. Afisa aliyekuwa akitusomea orodha akajibu kwamba magari ya zamani ndivyo yalivyo, na kwamba maombi ya kununua jipya yalikuwa yamekwisha kupelekwa. Tulikuwa na mali nyingine nyingi za kupitia na saa ilikuwa inakwenda. Hakuna aliyeuliza oili ilibadilishwa lini. Hakuna aliyeomba kitabu cha matengenezo. Mimi sikuuliza, kwa sababu nisingejua hata kwamba swali hilo lipo. Niliweka saini, basi likauzwa mnadani.

Basi jipya halikuja mwaka ule wala uliofuata. Wanafunzi wa miaka miwili mfululizo walijilipia nauli kwenda kwenye mafunzo, na wasiokuwa na nauli walipangiwa vituo vya karibu, ambako hapakuwa na nafasi za kutosha. Miongoni mwao walikuwamo wanafunzi wangu. Huenda giaboksi ya basi lile kweli ilikuwa imekwisha. Huenda ilihitaji sili na filta. Sitajua kamwe, na kutokujua huko ndiko kosa langu.

Hoja yangu ni hii: tatizo letu si kwamba tunavyo vitu vya zamani. Tatizo letu ni kwamba tumelifanya neno “zamani” kuwa jibu, na kwa hilo tumejisamehe wajibu wa kuuliza.

Tutazame jinsi tunavyopanga fedha za umma. Kitu kipya kina kifungu cha fedha za maendeleo. Kina uzinduzi, utepe, hotuba na picha. Sili ya kuzuia oili isivuje imo ndani ya matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiyo ya kwanza kukatwa fedha zinapopungua. Hakuna kiongozi aliyewahi kualikwa kuzindua filta. Kwa hiyo afisa mwenye akili timamu, anayetazama mahali sifa zinapopatikana, atajifunza haraka kwamba kuacha kitu kife na kuomba kipya kuna faida kuliko kukitunza. Hapo hatuzungumzii wizi. Tunazungumzia mfumo unaomlipa mtu kwa kusubiri uharibifu.

Hasara ya mfumo huo imekwisha kuhesabiwa. Katika Ripoti ya Maendeleo ya Dunia ya mwaka 1994, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba kama nchi za Afrika zingetumia dola bilioni 12 kuzitunza barabara zao kwa wakati katika muongo uliokuwa umepita, zingeepuka gharama ya dola bilioni 45 za kuzijenga upya. Mhenga wa Kiswahili asiyesoma ripoti yoyote alikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Benki iliongeza tu bei ya ukuta. Tanzania, kwa sifa yake, ilichukua hatua: Mfuko wa Barabara ulioanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1990 huchota tozo kwenye mafuta tunayonunua, na sehemu kubwa ya fedha hizo kisheria ni ya matengenezo. Somo lake ni kwamba matengenezo hupata fedha pale yanapotengewa fungu lake, si yanapoachiwa mabaki. Magari, pampu za visima, majengo ya shule na mashine za hospitali hazina mfuko wa namna hiyo. Hutegemea huruma ya mwisho wa mwaka wa fedha.

Lakini fedha pekee hazielezi kila kitu. Mimi fedha ya kumwaga oili nilikuwa nayo. Nilichokosa ni ujuzi, na zaidi ya ujuzi, nilikuwa na hofu. Mafundi wengi hutuonya kwamba gari la zamani ukilimwaga oili ya giaboksi litakufa, heri uliache lilivyo. Nilimwuliza mzee wa chini ya mkungu kuhusu onyo hilo. Akacheka. Alisema watu humwaga oili gari likiwa limekwisha kuanza kuteleza, klachi zimekwisha kulika. Linakufa baada ya wiki, kisha inalaumiwa oili mpya na fundi aliyeimwaga. Hakuna anayemlaumu mwenye gari aliyekaa nalo miaka kumi bila kuligusa.

Maneno hayo nimeyatafakari sana, kwa maana yanaeleza ofisi zetu vizuri kuliko vitabu vya utawala ninavyofundishia. Aliyegusa mwisho ndiye hubeba lawama. Mkuu wa idara akirithi mtambo uliooza, akathubutu kuufungua na ukazimika mikononi mwake, tume itaundwa kwa ajili yake. Waliomtangulia, ambao hawakuugusa kwa miaka kumi, watakuwa wamestaafu kwa heshima. Mtumishi kijana huona hayo na kujifunza kutokugusa kitu. Tunaita hali hiyo uzembe, ilhali mara nyingi ni hesabu iliyopigwa kwa uangalifu mkubwa.

Naomba nieleweke. Sisemi kila mkweche uokolewe. Magari yaliyochakaa yana hatari zake: breki zisizoaminika, moshi, matumizi makubwa ya mafuta. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane, na Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada wa uchakavu. Sera zote mbili zina sababu ambazo siwezi kuzibeza. Tena ipo siku ambapo kutengeneza ni kupoteza fedha. Mzee mwenyewe aliniambia angekuta vipande vya chuma kwenye sumaku angenishauri ninunue nyingine. Tofauti ni kwamba yeye alitazama sumaku kwanza. Kijana wa gereji ya vigae hakutazama, na kamati yetu haikutazama. Uamuzi wa kutupa unaweza kuwa sahihi kabisa, ila uwe umetanguliwa na uchunguzi.

Kuna wanaonijibu kwamba zama za kijiti zimepita. Ni kweli kwamba giaboksi za magari mengi mapya hazina kijiti cha kupimia. Oili yake huelezwa kuwa ya maisha yote ya gari, na kuipima kunahitaji fundi alinyanyue gari na kufuata utaratibu wa vipimo vya joto. Mwenye gari amebaki abiria kwenye mali yake. Ndiyo maana wapiga kura wa jimbo la Massachusetts nchini Marekani walipitisha mwaka 2012 sheria ya kuwalazimisha waundaji wa magari kuwapa mafundi wa kujitegemea taarifa za matengenezo walizokuwa wakiwapa mawakala wao. Kwetu, tunakopokea magari hayohayo yakiwa yamekwisha kutumika, mjadala huo bado haujaanza, na mafundi wetu hujifunza kwa kubahatisha juu ya magari ya wateja.

Kuhusu mafundi nina neno kwa wanafunzi wangu na kwa wanaharakati. Mzee yule hana cheti. Alijifunza kwa kushika spana akiwa kijana, na anachokijua kuhusu msukumo wa oili, msuguano na joto kingemfaa mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa kwanza. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa watu kama yeye, waliojifunzia kazini, wapimwe na kupewa vyeti. Ni utaratibu mzuri. Hata hivyo, cheti bila zabuni ni karatasi. Kama kanuni zetu za ununuzi zinaiona tu gereji yenye sakafu ya vigae, tutaendelea kumlipa anayefunga giaboksi nzima na kumpita anayejua kubadilisha sili. Wanaharakati wanaosimama, kwa haki, kudai madarasa mapya wadai pia kuona daftari la matengenezo ya madarasa yaliyopo. Si dai la kusisimua, wala halifai kuandikwa kwenye fulana, lakini ndilo litakalomkuta ofisa bila hotuba ya kujibia.

Kwa watumishi wa umma mlioko kwenye kamati kama niliyokuwamo, napendekeza mambo matatu ambayo hayahitaji sheria mpya. Kwanza, gari, pampu au mtambo wowote usiingie kwenye orodha ya mali chakavu bila kitabu chake cha matengenezo kuwekwa mezani. Na kama hakuna kitabu, orodha iseme waziwazi kwamba hakuna. Pili, neno “mbovu” lisipokewe peke yake. Fundi aandike alifungua nini, alikuta nini, na kutengeneza kungegharimu kiasi gani. Tatu, afisa anayekabidhi ofisi aandike hali ya vitu anavyoviacha, ili anayevipokea asibebeshwe lawama ya miaka ambayo hakuwapo. Hilo la tatu ndilo naliona zito, kwa kuwa ndilo litakalomwondolea kijana hofu ya kugusa.

Mwezi uliopita niliandika barua kwenye taasisi ileile, kuomba kuona vitabu vya matengenezo ya magari matatu yaliyosalia. Nililetewa kimoja. Kinaonyesha tarehe za oili ya injini, matairi na betri, kwa mwandiko safi wa dereva ambaye bila shaka analijali gari lake. Safu ya oili ya giaboksi imo, imechorwa kwa rula tangu ukurasa wa kwanza, na haina hata neno moja. Nimemwomba dereva akipime kijiti tukiwa pamoja. Tumekubaliana Jumamosi asubuhi, na mzee wa chini ya mkungu ameahidi kuja.